Mařena Aliyefika Mzima

Kila mwaka Mařena alifika kwenye wavu wa kiwanda akiwa majivu na vijiti viwili vitatu. Mwaka ule alifika mzima.

Vlastimil Rezek alimwona Jumatatu saa moja asubuhi, akiwa amesimama kwenye daraja la mbao na reki yake ndefu mkononi. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa hiyo tu: kusafisha wavu wa vyuma uliozuia takataka za mto Bělá zisiingie kwenye mtambo uliozungusha mashine za kusokota nyuzi. Chochote kilichotupwa na mji wa Hamrov kilimfikia yeye. Alishavuta matawi, mipira, paka, milango miwili, kitanda cha mtoto, na mwaka wa mafuriko alivuta nguruwe aliye hai, ambaye wafanyakazi wa zamu ya mchana walimla kabla mwenyewe hajajitokeza. Mtu wa namna hiyo hashangai ovyo.

Lakini siku hiyo alishangaa, maana Mařena alikuwa amesimama. Mkondo ulikuwa umembana kwenye wavu akiwa wima, maji yakimfika kiunoni, mikono yake ya mabua ameitandaza, uso wake wa kitambaa cheupe na macho yake ya mkaa vikimwelekea Vlastimil. Shingoni alikuwa na mkufu wa maganda ya mayai. Mto ulikuwa umemporomosha kilomita tatu na kumpitisha juu ya mabanio mawili ya mawe, na hakuna ganda hata moja lililokuwa limevunjika.

Jumapili watoto wa shule walikuwa wamembeba mwanasesere huyo nje ya mji wakiimba, kama wanavyofanya kila mwaka wiki mbili kabla ya Pasaka, kwa sababu Mařena ndiye baridi na ndiye kifo, na asipotolewa hakuna kitakachochipua. Kwa kawaida huwashwa moto kwanza, ndipo hutupwa mtoni. Safari hii mwalimu mpya, binti aliyetoka Praha, alikataza moto kwa kuwa aliambiwa mwaka jana mtoto mmoja aliunguza mkono wa koti. Tena, kwa huruma ya mtu asiyejua kitu, alimvalisha Mařena sweta lake mwenyewe la buluu, la sufu nzito, asionekane fukara mbele ya wazazi.

Watu wa wavu walikuwa na desturi yao ambayo haikuandikwa popote. Mařena havutwi nje. Akifika, hata kama ni majivu, unafungua geti la pembeni, maji yanaondoka naye kuelekea chini, na mashine zote zinalala dakika ishirini. Mwenye kiwanda wa zamani, Mjerumani, aliikubali desturi hiyo bila neno. Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita na kiwanda kikawa mali ya taifa, waliokuja baadaye nao waliikubali, ila wao waliandika kwenye daftari kwamba ni matengenezo. Sasa kulikuwa na mhandisi mpya, na geti halikufunguliwa bila ruhusa yake. Vlastimil aliingia kibandani akapiga simu.

"Ndugu mhandisi, naomba dakika ishirini za geti."

"Kuna nini?"

"Mařena amekwama."

"Rezek, umekunywa?"

"Bado, ndugu mhandisi."

"Nina wageni wa wizara ukumbi wa pili, wanatazama mashine hivi sasa. Niwaambie zimezimwa kwa ajili ya mwanasesere wa mabua? Una reki?"

"Ninayo."

"Basi ndiyo kazi yake."

Angeweza kufungua geti kwa kiburi chake mwenyewe. Miaka mingine angefungua, kisha akaitwa, akafokewa, akarudi nyumbani akicheka. Lakini mkewe, Blažena, alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye ukumbi wa kuchambulia pamba, na vumbi la pamba lilikuwa limemjaa mapafuni hadi akawa anapanda ngazi tatu na kupumzika. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimempa nafasi ya wiki sita kwenye hospitali ya maji moto, kuanzia katikati ya Mei. Daktari alisema akifika huko atapata miaka kumi ya kupumua. Asipofika, daktari hakumalizia. Na karatasi ya nafasi hiyo ilikuwa bado mezani kwa mhandisi, ikisubiri saini. Kwa hiyo Vlastimil alirudi darajani, akamtia Mařena reki chini ya kwapa, akavuta.

Alikuwa mzito kuliko mabua yaliyolowa. Maganda ya mayai yaligongana, ta, ta, ta. Alipomlaza juu ya lundo la takataka aliliona lile sweta kwa karibu. Ilikuwa sufu ya kweli, ya kondoo, ambayo dukani unaipangia foleni tangu alfajiri na unapofika mbele unauziwa vifungo. Hamrov hakuna mtu anayetupa kitu ambacho bado kina kazi. Akainama amvue. Mikono ya Mařena ilipanda yenyewe, kirahisi, kama ya mtoto anayevuliwa nguo akiwa na usingizi.

Saa nane mchana mzee wa mkokoteni alikuja kuzoa lundo. Alipomaliza, Vlastimil alimuuliza kama yule mwanasesere hakumsumbua kupakia.

"Mwanasesere gani?" alisema mzee wa mkokoteni. "Nimezoa matawi na kiatu kimoja."

Blažena alipoliona sweta alipiga makofi, kisha akakohoa kwa ajili ya hayo makofi.

"Mungu wangu, sufu kabisa! Umeitoa wapi, mzee?"

"Mtoni."

"Mtoni kwa nani?"

"Kwa mtu aliyetupa. Unataka na barua ya mwenyewe?"

"Usinijibu hivyo, nitakunyima chakula." Lakini tayari alikuwa anatafuta ncha ya uzi. Alilifumua lote jioni ileile, akizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, macho yakimng'aa. "Nitafuma kikoti cha kitandani. Siendi kwenye maji moto kama yatima. Wanawake wa mjini Brno watakuwa na vya kwao, na mimi nitakuwa na changu."

Aliuosha ule uzi kwenye beseni. Maji ya kwanza yalikuwa na matope, ya pili yakawa na vipande vya mabua, na ya tisa bado yalikuwa na mabua. Aliutundika juu ya jiko la makaa. Uzi ule ulining'inia juu ya jiko linalowaka siku nne, ukidondosha matone, na siku ya tano Blažena alisema liwalo na liwe, akaanza kufuma ukiwa na unyevu.

Pasaka ilikuja na kupita. Kando ya mto micheri ilichanua, watu walivua makoti, mbele ya baa meza zilitolewa nje. Kwa akina Rezek madirisha yaliganda barafu upande wa ndani. Vlastimil alikwangua kwa kisu cha jikoni, akarudi baada ya saa moja akakuta imeota tena, nyembamba, yenye maua meupe. Walichoma makaa ya wiki mbili kwa siku nne. Jirani yao Hynek, aliyekuwa na mikono ya shati ameikunja, alichungulia juu ya ua akauliza kama wanaoka mikate ya kijiji kizima, mbona bomba la moshi halipumziki. Vlastimil alimjibu kwamba wanakausha uyoga. Mwezi wa nne, uyoga! Hynek alimtazama, akarudi ndani taratibu.

Halafu kukawa na harufu. Ilianzia stoo, ya matope ya mto na mabua yaliyooza, na ukifungua mlango unakuta viazi viko sawa, kabichi ya kwenye pipa iko sawa, sakafu tu ndiyo imelowa. Blažena aliipangusa. Kesho yake ilikuwa imelowa tena, na safari hii unyevu ulikuwa umefika mezani, chini ya kiti cha tatu ambacho hakikaliwi na mtu.

Alhamisi moja Vlastimil alitoka kazini saa nane, jua kali, njiwa wakigombana juu ya paa. Alipofungua mlango wa mbele alisikia sindano za kufumia jikoni, zikienda harakaharaka. Alifurahi, maana asubuhi alimwacha mkewe hajiwezi kabisa. Alivua viatu, akasema kwa sauti, "Naona leo umeamka vizuri, mama." Sindano ziliendelea kidogo, kisha zikakoma. Aliingia. Jikoni hapakuwa na mtu. Kikoti kilikuwa mezani, sindano zimechomekwa, uzi bado unatikisika. Alikwenda chumbani akamkuta Blažena amelala fofofo chini ya mablanketi mawili, mkono chini ya shavu.

Alimwamsha. "Umefuma leo?"

"Nifume kwa nguvu ipi?"

"Uliishia wapi jana?"

"Mwanzo wa mkono wa kushoto. Kwa nini unanong'ona?"

Mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha hadi kiwiko. Vlastimil hakumwambia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akimshika mguu kupitia blanketi, na Blažena akakohoa, kikohozi kile kikavu alichokizoea kama saa ya ukutani, mara tatu na mkwaruzo mwishoni. Jikoni mtu mwingine akakohoa. Mara tatu. Mkwaruzo wa mwishoni haukutoka vizuri, kikohozi kikarudiwa, na mara ya pili ukatoka sawasawa.

Walitazamana.

"Vlastimil," Blažena alinong'ona. "Lile sweta lilikuwa la nani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, geti, simu, saini, mikono iliyopanda yenyewe. Blažena alisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua taulo lililokuwa miguuni mwa kitanda akampiga nalo begani, mara mbili, kwa nguvu yake yote, ambayo haikuwa nyingi.

"Mzee mpumbavu! Miaka ishirini na sita! Baba yangu alikuwa mtu wa wavu, mjomba wangu alikuwa mtu wa wavu, na wewe unaniletea Mařena nyumbani nimfumue kwa mikono yangu?"

"Nilitaka uende kwenye maji moto."

Taulo lilibaki hewani. "Najua," alisema Blažena. "Nipe koti. Twende kwa Bi Otýlie."

Otýlie Šustrová alikuwa na miaka themanini na minne, na kabla ya vita ndiye aliyewaongoza wasichana wa kiwandani kuimba siku ya kumtoa Mařena. Hakuna aliyebaki Hamrov aliyejua zaidi yake. Alikuwa anawaona kuanzia kwenye kona, na walipofika alikuwa ameshafunga mlango kwa ndani na kufungua kidirisha kidogo cha jikoni.

"Semeeni hapohapo," alisema. "Msikanyage kizingiti changu."

Walisema. Blažena alizungumza, Vlastimil alishika kofia yake. Bi Otýlie hakuonyesha mshangao, na hilo ndilo lililomtia Vlastimil hofu zaidi.

"Mwaka wa ishirini na moja," alisema, "mtu wa wavu aliitwa Alois. Alimvuta, akachukua mabua akamtandikia mbuzi wake. Walikuwa saba nyumba ile. Ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mwezi wa sita, hakukuwa na wa kumkamua mbuzi. Na mbuzi mwenyewe hakuwepo."

"Nani alimtoa?" aliuliza Blažena.

"Mařena? Hakuna aliyemtoa. Waliiacha nyumba mpaka paa likaanguka."

"Lakini kuna njia," alisema Vlastimil. "Bi Otýlie, lazima iwepo njia."

Bibi kizee aliangalia mikono yake. "Njia ni ileile ya siku zote, ila nyinyi ni wawili tu badala ya mji mzima. Mtengenezeni mwili mpya wa mabua. Uzi wote urudi mwilini mwake, usibaki hata nusu shubiri. Mmbebe wote wawili, wewe uliyemwingiza na wewe uliyemfumua, mchana, mtoke kwa mlango aliouingilia, mpite nyumba ya mwisho, mmtupe kwenye maji yanayokwenda. Halafu mrudi nyumbani bila kugeuka. Na wa mwisho kuvuka kizingiti ndiye Mařena atakayemshika. Watoto wanacheka wakikimbia, lakini wanakimbia."

"Na mwingine?" aliuliza Vlastimil haraka.

"Mwingine atapona. Ndivyo nilivyofundishwa." Alianza kuvuta kidirisha, akasita. "Sitaki kuwadanganya. Nimeona wengi wakitupwa kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Aliyekwisha kuingia, sijaona akitoka. Jaribuni tu." Akafunga.

Vlastimil alikuwa ameshaamua kabla hawajafika kwenye kona, na uamuzi ule ulimpa utulivu wa ajabu. Yeye atakuwa wa mwisho. Saini ilikuwa imeshapatikana, mkoba wa Blažena ulikuwa juu ya kabati, tarehe ilikuwa kumi na tano Mei. Alichotakiwa kufanya ni kutembea polepole.

Usiku huo Blažena alikifumua kikoti, mikono yote miwili. Vlastimil alifunga mabua kwenye vijiti viwili vilivyopishana, akafunika kichwa kwa leso, na hakumchora macho. Walizungusha uzi wote kifuani. Hawakumtungia maganda ya mayai.

Jumamosi saa sita kasoro robo mchana walimtoa kwa mlango wa mbele, uleule sweta lilikoingilia, Vlastimil akishika mabega, Blažena miguu. Foleni ya mbele ya bucha ilisogea ukutani walipopita. Mwanamke mmoja alimgeuza mtoto wake uso. Walipita ukuta mrefu wa kiwanda, wakapita magofu ya kiwanda cha chuma cha zamani ambacho kiliupa mji jina lake, na mwanzoni Mařena alikuwa mwepesi kama mabua yanavyopaswa kuwa, lakini kwenye daraja akawa na uzito wa mbwa, na kwenye banda la kuni la ng'ambo uzito wa mtoto wa shule, na walipoiona nyumba ya mwisho na mierebi iliyo nyuma yake Vlastimil alikuwa anahema kwa kinywa, na alisikia kupitia mabua, pale mikono yake iliposhika mabega, kitu kikipanda na kushuka, kwa utaratibu, kikipumua pamoja na Blažena, kikingoja anapopumzika na kuvuta hewa anapoivuta, na Blažena mwenyewe aliyekuwa ameshika miguu alikuwa anaimba wimbo wa kumtoa kwa sauti iliyobaki, mistari miwili ileile, kwa kuwa mingine pumzi haikutosha.

Walihesabu tatu wakamtupa. Hakuelea. Alizama palepale, wima, na maji yakafunga juu yake.

Wakageuka wakaanza kurudi. Blažena mbele, hatua fupi, mkono kifuani. Vlastimil nyuma yake, hatua mbili, akimtazama visigino. Hawakuwa wamefika darajani aliposikia miguu nyuma yake, miguu mitupu iliyolowa, pa, pa, kwenye mawe makavu ya barabara chini ya jua la mchana, na pamoja nayo maganda ya mayai, ambayo hawakumvalisha, yakigongana. Shingo ilitaka kugeuka yenyewe. Aliikaza. Blažena alisimama kukohoa naye akasimama, na nyuma yake kitu kile kikasimama, na harufu ya matope ikamfikia sikioni kama mtu anayetaka kumwambia siri, na baridi ikamshuka mgongoni ndani ya shati hadi akahisi jasho lake limeganda, naye akapanua miguu na mabega ili kiasi chochote cha upana alichojaliwa kijae barabara ile, kisipate pa kumpitia kumwendea mkewe, akaomba, yeye ambaye hajaingia kanisani tangu siku ya ndoa, achukuliwe yeye, hapohapo kama ikibidi, mradi yule mwanamke anayekohoa mbele yake afike Mei.

Kwenye kona ya bucha miguu ikakoma. Harufu ikakoma. Jua likampiga mgongoni. Vlastimil alitaka kupiga kelele kwa furaha. Kimenipata mimi, alijiambia, kimeshanichagua, kimetosheka.

Blažena alifika mlangoni, akaufungua, na hakuingia. Alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, macho yake yakitazama mbele, ndani ya ukumbi wenye giza, kwa maana hata yeye alikuwa hageuki.

"Ingia, mama," alisema Vlastimil.

"Ingia wewe."

"Blaženo, huu si wakati wa mchezo."

"Unadhani sijui? Umenifuata kama ng'ombe tangu mtoni. Wewe, ambaye tangu tuoane hujawahi kunipisha mlangoni hata siku moja, hata nikiwa na ndoo mbili."

"Leo nimejifunza adabu."

"Umejifunza umechelewa. Sogea." Alikohoa, akangoja hewa irudi. "Nisikilize. Haya mapafu yamekwisha. Nitakwenda kwenye maji moto, nitarudi, nitakohoa miaka mitatu nikusumbue, basi. Wewe una moyo wa farasi. Utaishi miaka tisini. Ingia ndani."

"Niishi nile wapi?"

"Kantini."

"Miaka thelathini ya kantini? Si bora nife."

Blažena alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Vlastimil alimshika kiuno kwa nyuma asianguke. Alikuwa amebaki mifupa. Hakuwa amemwambia kitu cha mapenzi tangu mwaka wa mafuriko, na wakati ule walikuwa juu ya paa, wamelewa kwa sababu ya baridi.

"Nakupenda, mama," alisema. "Sitaki nibaki humu peke yangu. Ingia, tafadhali."

"Na mimi nitake?" alisema Blažena kwa sauti ndogo. "Kwa hiyo mimi ndiye nitake kubaki humu peke yangu?"

Walisimama hapo. Hynek alikuwa ametoka uani kwake, akawaona wazee hawa wawili wanasukumana mlangoni mwao mchana kweupe, akarudi ndani tena.

"Basi pamoja," alisema Blažena.

"Pamoja tunakuwa wa kwanza sote."

"Sijui. Bi Otýlie hakusema. Shika mkono."

Mlango ulikuwa mwembamba, wa ubao mmoja. Walisimama ubavu kwa ubavu, wakajibana, bega la Vlastimil likakwaruza fremu, na Blažena akahesabu, moja, mbili, na kwa tatu wakainua mguu mmoja mmoja na kuukanyaga upande wa ndani kwa wakati mmoja kabisa. Hakuna kilichotokea. Vlastimil alianza kucheka kimyakimya, akamwona Blažena naye anatabasamu huku anatafuta hewa, mashavu yana rangi, na kwa muda wa kupumua mara tatu alikuwa na miaka ishirini na mitano akimwingiza bibi harusi wake nyumbani.

Jikoni mtu akakohoa. Mara tatu, na mkwaruzo mwishoni.

Waliingia hadi mlango wa jikoni, mkono mkononi. Mlango wa nyuma, ule wa kuelekea mtoni, ulikuwa wazi, na kutoka hapo maji yalichora njia moja tu juu ya sakafu, hadi kwenye kiti cha tatu. Alikuwa ameketi hapo, kichwa ameinamisha, ametulia kwa namna ya mtu aliyekaa muda mrefu akingoja wenyeji. Kikoti cha buluu kilikuwa mwilini mwake, kimekamilika, mikono yote miwili, kola na vifungo. Mbele yake juu ya meza kulikuwa na sahani mbili, zimepangwa, na vijiko.

Blažena hakupiga kelele. Aliubana mkono wa mumewe hadi vidole vikamuuma.

"Ametutangulia," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wa kwanza ni yeye."

"Ndiyo, mama."

"Na wa mwisho..."

"Sisi," alisema Vlastimil. "Sote."

Alimtazama mkewe. Blažena alikuwa anaangalia mlango wa nyuma uliokuwa wazi, na nje yake watoto wa Hynek walikuwa wanacheza kwenye nyasi, karibu sana na ua, wanarushiana mpira. Alifungua fundo la kitambaa chake cha kichwani, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye ukingo wa meza.

"Funga mlango huo," alisema. "Asije akatoka kwenda kwa watu."

Vlastimil akaufunga, akarudi akaufunga na wa mbele, akazungusha ufunguo mara mbili. Kisha akamvutia mkewe kiti, akasubiri aketi vizuri, naye akaketi.